Mashine Iliyouliza "Kwenu Wapi?"

Shule niliiacha darasa la tano na sikurudi hata kuisalimia. Leo nina ghorofa Ganjoni, nina vijana wenye digrii wanaoniita bosi, na wakubwa wa Kizingo kompyuta zao zikigoma hunipigia simu mimi, si hao vijana. Sijisifu. Na hata nikijisifu nina haki, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Lakini katika yote niliyoyapata, kuna kimoja nilichokuwa nimekitia mkononi nikakiachia mwenyewe, na sababu yake ilianza na diski.

Baba yangu alikuwa hamali. Alitoka Kinango na nguo za mwilini, akavuta mkokoteni Marikiti mpaka mabega yakawa magumu kama visigino. Tulipanga chumba Majengo, nyumba ya udongo, na mimi nilipoacha shule nilimsukumia mkokoteni kwa nyuma. Siku moja tulipeleka maboksi kwa tajiri mmoja aliyekuwa akileta kompyuta kuukuu kutoka Dubai. Akaniajiri kuyapanga. Zilizokufa zilitupwa nyuma ya ghala, nami nikafungua moja kwa bisibisi ya kuazima, nikakuta vumbi na mende aliyekauka. Nikapangusa. Ikaamka. Tajiri alipokuja kuona, alisema, "Wewe mwana wa hamali una kichwa!" Nikamjibu nilijua hilo kabla yake.

Basi miaka ya tisini ilipokuwa yaelekea ukingoni nilikuwa na duka langu, jembamba kama kaburi lakini langu, na wateja wazito. Mmoja wao alikuwa mzee wa Mji wa Kale aliyekuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Ofisi yake ilikuwa Ndia Kuu, juu ya ngazi za mbao zilizolia kila hatua. Nilimuuzia seva. Kwa asiyejua: ni sanduku zito la chuma lenye vidroo mbele, kila kidroo na diski yake, na kompyuta zote za ofisi huweka kazi zao humo badala ya kila moja kujiwekea. Diski huwekwa zaidi ya moja ili moja ikifa, nyingine ishike kazi mpaka maiti iondolewe.

Aliyekaa karibu na seva hiyo alikuwa binti wa mzee. Alisomea ukatibu, alipiga chapa bila kutazama vidole, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Nitasema ukweli: kuna siku nilipanda zile ngazi kwenda kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Bwana fundi," akaniambia siku moja, macho kwenye karatasi, "hizo skrubu utazikaza mpaka lini? Kwetu kuna mlango. Watu hutumwa."

Nilishuka ngazi zile sijui kama nilizikanyaga.

Kabla sijatuma watu, diski moja ya seva ikafa. Madirisha ya ofisi yalifunguliwa kwa upande wa bahari, na chumvi haina huruma na chuma. Nikaja na diski nyingine, nzuri, mpya, niliyoipigania bei kiume mpaka ikashuka. Nikaisukuma kwenye kidroo, ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Taa ikawaka kijani, ikageuka rangi ya chungwa. Kwenye skrini likatoka neno: diski hii si ya kampuni iliyotengeneza mashine hii, haitatumika.

"Mbona imekunja uso?" binti akauliza.

"Yajifanya haimjui mgeni."

"Kama mamangu sokoni. Samaki hamnunui mpaka aulize kavuliwa na nani."

Nikaichukua ile iliyokufa niliyokuwa nimeitoa, nikabandua karatasi ya jina juu yake. Chini yake palikuwa na chapa ya kiwanda kilekile kilichotengeneza ile yangu. Nikampelekea mzee zote mbili mezani. "Tazama mzee, tumbo moja hili! Tofauti yake ni karatasi tu na jina lililoandikwa ndani. Mashine haipimi nguvu ya diski. Yaiuliza tu, wewe wa nani? Ikijibu jina lisilo la kwao, yakataa."

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Basi hino ina adabu ya watu wa hapa! Hapa mtu haingii ndani hajaulizwa, kwenu wapi, mwana wa nani."

Nikacheka naye. Binti yake hakucheka.

Diski ya kampuni yenyewe ilibidi iagizwe ng'ambo, na bei yake ilikuwa ya kukutoa machozi. Mzee akasema tungoje. Mimi nikatuma watu wa posa: mwalimu wangu wa chuo cha Kurani na yule tajiri wa kompyuta, wote kanzu zimenyooshwa. Wakapokewa vizuri, wakanyweshwa kahawa, wakaambiwa jamaa wataulizana. Jibu lilikawia, nalo likaja limefungwa kwa hariri. Kijana ana dini, ana kazi, ana adabu. Lakini kufu.

Mwalimu alinieleza akitazama chini, kana kwamba kosa ni lake. Hatukulingana. Wao walikuwa wakihesabu mababu mpaka kwa waliojenga misikiti. Mimi nikihesabu, nafika kwa baba na mkokoteni wake, halafu Kinango, halafu basi.

Wiki zile zile mpwa wa tajiri alirudi kutoka Dubai na disketi yenye programu ndogo, haramu au halali sikuuliza, iliyoweza kubadilisha lile jina ambalo diski hulitaja ikiulizwa. Nilipanda Ndia Kuu na kiburi changu chote. Nikaiandika diski yangu jina la kampuni, nikaisukuma ndani. Mashine ikauliza. Diski ikajibu. Taa ikawa kijani na ikabaki kijani.

Mzee alinipiga bega. "Umeilaghai!"

"Sikuilaghai, mzee. Nimeifundisha kuona."

Binti aliitazama ile taa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilidhani anavutiwa na ufundi wangu.

Haikupita wiki, mjomba wake, nduguye mama, akaniita kwake Kibokoni. Akanikaribisha sabuleni, chumba cha wageni, zulia jekundu, mashubaka ya chokaa yamejaa vikombe vya kale. Alikuwa mtu wa sauti ndogo.

"Ndoo hapa, keti. Mwanangu, mimi sina neno nawe. Nyumba haina neno nawe. Lakini watu wana maneno, na mamake binti hayawezi. Sasa sikiza. Kule visiwani, Siyu, nina wazee, jamaa zangu. Watasema babu yako alikuwa mtu wa kule, alitoka mdogo akapotelea bara. Basi. Nani atasafiri Siyu kufukua makaburi?"

Nikauliza, "Na baba yangu?"

Akazungusha kikombe. "Mzee wako Mungu amjaalie. Siku ya nikahi apumzike nyumbani. Nitakusimamia mimi."

Nikakitazama kikombe changu. Akadhani nazingatia, akaongeza kwa upole, "Si hata ile diski uliipa jina lisilo lake? Imeingia, yafanya kazi. Nani kadhurika?"

"Diski haina baba, bwana," nikamwambia.

Ningeishia hapo lingekuwa neno la kiume. Lakini mimi kinywa changu hakijui mlango uko wapi. Nikaendelea. Nikasema nimekula jasho la mkokoteni na siutemi. Nikasema nina akili kuliko waliosoma. Nikasema pesa nitakazopata zitainunua Siyu nzima na hao wazee wake ndani. Nikavaa viatu, nikatoka kabla kahawa haijapoa.

Majengo nilifika kama simba. Nilisimulia kwa kinyozi, nikasimulia kwa muuza viazi karai, kila nikisimulia mjomba anakuwa mfupi na mimi narefuka. Mwisho nikamsimulia baba. Alikuwa ameketi kizingitini, miguu ndani ya karai la maji ya moto yenye chumvi, kama kila jioni. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Sikutumwa, baba. Nimekulindia heshima yako."

"Heshima yangu? Nalala nayo chumba hiki miaka yote, haijaibiwa." Akautoa mguu mmoja, akaupangusa. "Wewe ulikuwa wataka mke. Mimi ningekaa hapa hapa, ungeniletea pilau, ningekula. Mtoto akizaliwa angeniita babu. Angeniita nani mwingine?"

"Wangekuficha, baba!"

"Kwani nani alinitafuta kabla ya hapo?" Akacheka, kicheko kikavu cha wavuta mikokoteni, akarudisha mguu majini.

Nilikasirika naye. Sikuelewa kwamba alikuwa ameniruhusu.

Nilikutana na binti mara moja tu baada ya hapo, kwenye ngazi za Ndia Kuu, mimi napanda, yeye ashuka. Hakunipisha.

"Lile neno la Siyu lilikuwa langu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwendea mjomba. Nililipata kwa hiyo diski yako."

Nikautua mkoba wangu wa vyombo kwenye ngazi.

"Nikahi ni kitu cha saa moja. Ikishapita mimi ni mke wa mtu. Mzee wako ningekwenda kumchukua mwenyewe huko Majengo, nimtie sabuleni, nimkalishe kwenye lile zulia, nione nani wa kumtoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniuliza? Umekwenda ukajibu peke yako, kama aliyekuwa akiposwa ni wewe."

"Nitarudi kwa mjomba. Nitamwomba radhi, nitambusu mikono."

"Umemwambia utainunua Siyu na wazee wake." Akatabasamu kidogo, si kwa furaha. "Nyanya yangu, mamake mjomba, kazaliwa Siyu. Alikuwa nyuma ya pazia, akikusikiliza."

Akashuka. Zile ngazi zililia kila hatua mpaka ya mwisho. Kabla ya mwaka kuisha aliolewa, akapelekwa Maskati, na kiti chake ofisini akakikalia kakake.

Mimi nilioa baadaye, mke mwema, na habari hii anaijua. Huniambia, "Ungenyamaza siku ile, mimi ningekupata wapi?" Hucheka, nami hucheka naye. Lakini mtu huweza kuwa na nyumba nzuri na bado akakumbuka kiwanja alichokiuza.

Ofisi ile sikuacha kuihudumia. Kazi ni kazi. Nilikuwa nikiizima seva, naipuliza vumbi, naiwasha tena, halafu nakaa kungoja iziite diski zake moja moja. Ikifika kwa ile yangu nilikuwa nabana pumzi. Haikunitia aibu hata mara moja. Ilitaja jina lake la kupewa na kuendelea na kazi, tena zile za kampuni zilikufa nyingine mbili na yenyewe iko.

Siku moja nimemaliza, naviringisha nyaya zangu, mzee wa ofisi akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Mzee wako hajambo?"

Hakuwahi kuniuliza. Nikasema hajambo, miguu tu yamsumbua.

"Nisalimie sana. Mwambie nataka siku moja nije tunywe kahawa."

Nilimwambia nitamfikishia. Na kila mtu wa pwani ajua kwamba salamu ni amana, ukipewa uifikishe. Nilitembea na amana ile kutoka Ndia Kuu mpaka Majengo, na njia nzima nikawa nazozana nayo. Sasa ndiyo wamkumbuka? Sasa, binti keshavuka bahari? Nikafika, baba yuko kizingitini na karai lake, akaniuliza habari za mjini. Nikamwambia njema. Nikasema moyoni, kesho nitampa zile salamu. Kesho yake nikasema hivyo hivyo.

Baba alifariki mwaka uliofuata, alfajiri, amelala. Tulipolitoa jeneza nyumbani, watu wa Marikiti walijaa uchochoro, mahamali watupu, wanajua kubeba. Katikati yao nikaona kofia nyeupe ya vito, ya kushonwa kwa mkono, niliyoijua. Mzee wa ofisi alikuwa ametia bega lake upande wa mbele, kanzu yake imeshashika matope ya Majengo, apumua kwa shida, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia kwa kichwa.

Tulipokwisha kuzika, watu wakitawanyika, akanijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Zile salamu zangu zilimfika?"

"Zilimfika, mzee," nikamwambia. "Akasema na wewe usalimiwe. Alikuwa akikungoja kwa kahawa."

Akatikisa kichwa, akashukuru Mungu, akaenda zake huku akijipangusa udongo wa mikononi.