Koti la Mbeya

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni, akipunguza kiuno cha gauni, aliposikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwigizaji.

"Nileni tu," mwigizaji alikuwa akikariri, "mtanitapika. Aa! Umenichoma!"

"Pole, mama. Mkono umeteleza."

Maneno hayo Fundi aliyasema mara moja tu maishani, jikoni kwake, mwaka aliofiwa na mume akaanza kunywa. Aliyeyasikia ni mdogo wake wa kiume, ambaye sasa ndiye mwandishi wa tamthilia hiyo ya runinga kuhusu ukoo wa majambazi. Dada mtu katika tamthilia alikuwa mjane, mlevi, na wiki ile alishukiwa kuwauza kaka zake kwa polisi.

Fundi alikuwa na miaka sita hajagusa chupa. Jina lake alilirudisha kwa taabu, mshono baada ya mshono. Sasa binamu walikuwa wakimpigia simu: "Dada wa runinga! Leo umemuuza nani?" Na mama yao, aliyefichwa habari za pombe siku zote, akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Alimfuata mdogo wake ofisini.

"Mtoe mwanamke yule, au umsafishe."

"Dada, nani atajua ni wewe? Yule ni mhusika tu." Akasafisha koo mara mbili. Tangu utotoni, akidanganya husafisha koo mara mbili.

"Haya," Fundi alisema, akaondoka bila kubamiza mlango.

Wiki iliyofuata aliingia mhusika mpya: mbeya, mpeleka siri za watu, mwoga anayejificha kabatini polisi wakigonga. Fundi hakumpima mwigizaji wake kwa muda mrefu. Vipimo alivyovitaka alikuwa navyo kichwani. Mdogo wake aliwahi kuanguka toka juu ya paa akiwa mdogo, na bega la kushoto likabaki limeshuka. Kwa hiyo kila koti alilomshonea, Fundi alilitia pedi upande huo peke yake, na mfuko wa kalamu akauweka kulia kwa sababu anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwenyewe hakuwahi kugundua. Kwake, koti lilikuwa koti.

Mbeya akavishwa koti la namna hiyo hiyo, ila pedi Fundi aliihamishia kulia, bega la kushoto lionekane limeshuka.

"Mbona limepanda upande mmoja?" mwigizaji aliuliza.

"Ndivyo alivyo. Shingo ilaze hivi. Na kabla ya kusema uongo, safisha koo. Mara mbili."

Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini, akaamuru mbeya aongezewe maneno.

Kipindi kilipoonyeshwa, ukoo mzima ulikuwa sebuleni kwa mama. Mbeya alitoka kabatini, akarekebisha kola, akakohoa mara mbili. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu si mwanangu kabisa?"

Sebule ililipuka. Shangazi alicheka hadi akaomba maji.

Kesho yake mwandishi alikuja chumba cha mavazi, macho mekundu.

"Watu wananikoholea njiani! Hata mlinzi wa geti! Dada, nimekukosea, nimeelewa. Nitambadilisha yule mwanamke."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Kaa hapo uandike."

Aliandikia juu ya meza ya kukatia, kati ya vipande vya kitambaa: dada hakumuuza mtu, aliyeuza ni mbeya. Fundi akasoma, akachukua chaki, akasahihisha makosa mawili ya tahajia.

"Kesho utamweleza mama kwamba maneno yangu uliyachukua bila ruhusa. Sasa vua koti."

"Dada, nina kikao na wakubwa!"

"Nimeshona mimi. Vua."

Akavua. Alitoka na shati tupu, bega moja juu, jingine chini, akipita mbele ya waigizaji wote. Fundi alilitundika koti kwenye reli ya mavazi, chini ya karatasi iliyoandikwa MBEYA, akaendelea na kazi.