Muhogo wa Mifungo Miwili

Ba alikufa na muhogo wa mama yangu tumboni. Aliula alasiri, siku aliyokuwa amefunga, akaanza kutapika kabla ya magharibi. Watu walipotoka msikitini baada ya isha, habari ilikuwa imekwishafika barabarani kwamba bibi wa dukani hayupo tena. Mama ndiye aliyeung'oa muhogo ule, akaumenya, akaupika. Hakuuonja. Hakuna aliyeuonja.

Tulikuwa Msambweni, miaka ile ya mwanzo baada ya bendera mpya kupandishwa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, sijaolewa, nikikaa na mama katika nyumba ya makuti aliyoiacha baba. Ba alikuwa mjane wa Kihindi mwenye duka kando ya njia ya hospitali. Ba maana yake ni mama kwa lugha yao, na wateja wote, Wadigo kwa Wahindi, walimwita hivyo. Aliishi nyuma ya duka na mwanawe wa pekee na mke wa mwanawe.

Nyumba kama ile haikuwa na desturi ya kumwingiza mgeni jikoni. Mama, aliyeajiriwa kwao, alianza kwa kufua na kutwanga uani. Magoti ya Ba yalipovimba hata asiweze kukaa mbele ya jiko, na mkaza mwanawe akawa anashinda dukani, mama aliitwa ndani. Aliambiwa mambo mawili tu. Nyama na samaki visivuke kizingiti. Na chakula kisionjwe jikoni, kwa sababu sehemu ya kwanza ilikuwa ya miungu yao, waliokaa kwenye rafu ndogo kando ya dirisha. Mpaka kisahani kile kiwekwe rafuni na kuondolewa, hakuna ulimi ulioruhusiwa kugusa mwiko.

Mama alijifunza kupika kwa pua. Alijua dengu zimekolea chumvi kwa jinsi mvuke ulivyompiga usoni. Ba alikaa kwenye kiti kifupi mlangoni, akitoa amri kwa Kiswahili chake.

"Wewe leo iko nuka papa. Kaa mbali na sufuria yangu."

"Papa nilikula jana, Ba. Leo nimekula chapati zako, ndiyo maana nasikia njaa."

Ba alicheka mpaka akashika magoti.

Kati ya wanawake wale wawili kikatokea chakula ambacho hakikuwa cha kwao wala cha kwetu. Ba alianza kutia tui katika dengu, jambo ambalo mwanawe alilinung'unikia kwamba sasa nyumba yake inanuka harusi ya Wadigo. Mbaazi alizipika kwa tui zito kama sisi, kisha akazimwagia juu mafuta ya moto yenye haradali na majani ya mti aliouita karipata, uliokuwa nyuma ya choo. Mama naye aliyaleta nyumbani yale aliyoyaona. Mchicha wetu ukatiwa chembe ya mvuje, ile gundi yao yenye harufu kali. Kamba waliotoka Gazi wakakaangwa kwa bizari nyembamba na tangawizi, wakaliwa na ugali, na kando yake achari ya embe ya Ba, kali hata machozi yakatoka. Vilikuwa vyakula vyepesi kupika, vya moto mmoja na sufuria moja, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanawake waliochoka.

Cha mwisho kilikuwa muhogo. Ba alifunga siku ya kumi na moja ya mwezi, mwezi ukikua na ukipungua. Siku hiyo hakula nafaka ya namna yoyote, na alikula mara moja tu, alasiri. Kwao, zamani, alikula viazi. Msambweni alijua muhogo. Lakini hakuutaka wa kuchemsha kama sisi tunavyoufanya, ukatokota muda mrefu sufuria ikiwa wazi, na maji ya kwanza yakamwagwa. Alitaka uparuzwe mbichi kwa bati lililotobolewa misumari, uchanganywe na karanga zilizopondwa, pilipili mbichi na chumvi, uingie kwenye mafuta ya bizari nyembamba, unyunyiziwe tui, ufunikwe kidogo tu, halafu ndimu. Uliiva upesi, ukawa laini na mtamu. Mama aliupenda kuliko vyote.

Mama alikuwa na njia yake ya kuwa na hakika nao. Katika shamba letu kulikuwa na muhogo mtamu katikati na muhogo mchungu pembezoni. Ule mchungu hupandwa makusudi, nguruwe mwitu na ngedere wakiuonja hurudi walikotoka, na watu huula baada ya kuuroweka na kuuanika, sumu yake itoke. Kwa macho ni vigumu kuitofautisha. Kwa hiyo kila mama alipong'oa shina, alivunja ncha ya mzizi palepale, akaitafuna, akaitema. Ikiwa tamu, ilikwenda kwa Ba. Alifanya hivyo shambani, mbali na jiko, na sheria ya Ba haikuvunjwa.

Mwaka mmoja kabla ya kifo cha Ba mvua za vuli zilikatika mapema. Watu wa Kinango waliteremka na ng'ombe waliobaki mifupa wakitafuta maji, na nguruwe nao waliteremka, wakafukua safu nzima ya pembezoni. Mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akitusimamia shamba, alipanda vijiti vipya vya muhogo mchungu. Mwaka ukapita, vijiti vikatia mizizi, mwezi wa Ramadhani ukaandama. Kumi la kwanza lilipokwisha tu, ikafika siku ya Ba, kwa kuwa yeye na sisi tulihesabu mwezi uleule.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakukuwa na jambo. Asubuhi mama alinitaka nifuatane naye shambani, nikamshikia kikapu. Aling'oa mashina mawili. Akavunja ncha, akaipeleka karibu na mdomo, akaishusha.

"Onja uteme, mama," nilimwambia. "Kuonja kwa haja hakufunguzi."

"Nimefunga tangu nikiwa msichana mpaka leo, sijatia kitu kinywani mchana. Sitaanza kwa ajili ya muhogo. Hapa ni katikati, mimi mwenyewe nilipanda."

Alinusa ile ncha, akaitupa. Hilo niliona kwa macho yangu. Kwamba pale palikuwa katikati, sina hakika. Safu zilikuwa zimefukuliwa, na mpaka kati ya mtamu na mchungu haukuonekana tena kama zamani.

Jikoni hakuonja, kwa sheria ya Ba na kwa saumu yake. Kisahani kilikwenda rafuni, kikaondolewa. Ba alikuwa hajala tangu jana yake jioni, akala upesi sahani nzima, kali kwa pilipili na ndimu. Mama alijitilia bakuli lake la kufuturia, akalifunika kwa sahani ya bati, akaja nalo nyumbani.

Bakuli lilikuwa limewekwa juu ya meza, na mimi nilikuwa nikipanga tende, mwana wa Ba alipofika mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama, njoo. Ba anatapika, kichwa kinamzunguka, hanitambui."

Mama alimfuata alivyo, na kanga ya jikoni. Alifuturu kwa maji ya bomba la hospitali. Daktari aliuliza Ba ana umri gani, kwa nini miguu imevimba, amekula nini. Mwanawe alijibu, "Muhogo." Daktari akaandika, akasema pia moyo wa mgonjwa ulikuwa mchovu siku nyingi. Hakusema zaidi ya hapo, na asubuhi mwili ulipelekwa Mombasa kuchomwa, kama dini yao inavyotaka. Majivu hayana la kupimwa.

Wanawake wa kwao hawafuatani na maiti mpaka mahali pa kuchomea. Mkaza mwana wa Ba alibaki. Mchana alikuja kwetu na sari nyeupe, akasimama uani. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake safi kuliko cha wengi wetu.

"Ulimtilia nini?"

"Muhogo, karanga, pilipili, tui," mama alisema. "Vilevile vya siku zote, mwanangu."

"Siku zote hafi."

Mjomba alikuwa amekwisha kufika, na majirani nyuma yake. Tayari watu walikuwa wakisema mambo. Kwamba mama alitaka duka. Kwamba Wahindi wanaondoka na mama alitaka kubakishiwa. Mjomba akasema jambo ambalo wote walikuwa wakilingoja: mama ale papai. Mganga husoma maneno yake juu ya papai, mtuhumiwa hula, na mwenye hatia huvimba mdomo na koo. Wazee wa Kidigo waliamini hivyo, na wapo wanaoamini mpaka sasa.

"Ukiwa huna jambo, dada, unaogopa nini papai?"

"Mimi ni Mwislamu na huu ni mwezi wa Ramadhani," mama alisema. "Siapi kwa papai. Na wewe, kaka, kabla hujaniletea mganga, niambie: vile vijiti vipya ulivipanda mpaka wapi?"

"Pembezoni. Nimekwambia pembezoni."

"Pembezoni mpaka wapi?"

Mjomba aliwageukia majirani. Alisema anatukanwa mbele ya watu.

Mama akamgeukia mkaza mwana wa Ba. "Bakuli langu liko ndani, la sufuria ileile. Sijaligusa. Njoo magharibi, ulione kwa macho yako."

Nilimsihi mchana kutwa. Nilimwambia kama muhogo ni mchungu atakufa, na kama si mchungu hakuna atakayemwamini. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Atakayeamini ni mmoja tu ninayemtaka," alisema. Nilijua ni nani. Mama hakuwa akihangaikia kijiji. Alitaka nyumba ya Ba ijue kwamba mkono wake haukumuua.

Adhana ilipolia alikunywa maji, akala tende moja, akaomba dua yake. Mkaza mwana wa Ba alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani. Mjomba alikuwa uani na wanaume wengine. Mama alifunua bakuli. Nilisikia harufu kabla sijaona: tui lilikuwa limelala usiku mmoja na mchana mzima wa joto la kaskazi, na limechacha. Juu palikuwa na povu jembamba, na uchachu ule ungefunika ladha yoyote ya muhogo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata yeye mpishi. Alisita kidogo, akatazama mlangoni, kisha akala. Alikula mpaka akapangusa bakuli kwa kidole.

Wakati watu wako kwenye tarawehe akaanza kutapika.

"Umeona!" alisema mjomba, sijui alikuwa akimwambia nani.

"Ni tui," mama alisema, ameinamia beseni. "Limechacha. Mwanangu, wewe ni mpishi, sema. Tui la jana hukaa?"

Mkaza mwana wa Ba alilichukua bakuli tupu, akalinusa, akalirudisha mezani. "Halikai," alisema. Akaondoka.

Asubuhi mama alikuwa hai, dhaifu, midomo imepauka, anadai daku lake alilolikosa. Alikuwa mdogo kuliko Ba kwa miaka ishirini na zaidi, na hakuwa na moyo mgonjwa. Kutapika hakukuthibitisha kitu, na kupona hakukuthibitisha kitu. Nilimwambia nitakwenda shambani nikaonje yale mashina yaliyo jirani na mashimo mawili, na nikiingiwa na shaka nitailipa siku hiyo baadaye. Nilipofika nilikuta ardhi imegeuzwa. Mjomba alikuwa ameng'oa shamba lote tangu alfajiri, mtamu na mchungu, ameumenya na kuukata vipande na kuuanika juu ya majani ya mnazi, wote pamoja.

"Nguruwe wangeumaliza," alisema. "Kwani ulitaka nini?"

Vijiti vyenyewe alikuwa amekwisha kuvitia moto.

Mama hakuitwa tena katika nyumba ile, wala hakufukuzwa. Alipopita dukani kununua chumvi, mwana wa Ba alimpimia, akampa shikamoo yake kama zamani, akatazama mizani. Nyumbani hatukupika tena muhogo wa kuparuza. Mbaazi zenye haradali tuliendelea nazo, maana hazikuwa na kosa, lakini mama alianza kuonja kila kitu, mara mbili, mara tatu, mpaka chakula kikapoa mwikoni.

Mvua ya masika ilipofika duka lilifungwa. Walikuwa na karatasi za Uingereza, si uraia wetu, na serikali ikawanyima leseni ya biashara. Siku ya kuondoka gari lilisimama mbele ya nyumba yetu, likielekea Likoni, mizigo imefungwa juu. Mkaza mwana wa Ba aliteremka peke yake, ameshika kopo la bizari la Ba, lile la shaba la duara lenye vikopo vidogo ndani, ambalo mama alilifungua na kulifunga kila siku alipokuwa jikoni mle. Bizari zote zilikuwamo bado.

Alilipitisha juu ya kizingiti bila kuingia. Mama alilipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, "unanipa, au unalitupa?"

"Chukua tu, mama."

Akarudi garini. Kopo hilo ninalo mimi sasa. Mama aliishi miaka mingi baadaye, akalisugua kila Ijumaa kwa ndimu na majivu, na hakuna siku aliyolitilia bizari.