Safari ya Kwenda Umoja Kuficha Mvi

Kuna watu husimulia safari za nchi za mbali, walivyovuka mipaka na kulala hotelini. Mimi nasimulia safari ya kutoka mtaa wa Mowlem hadi mtaa wa Umoja, humu humu Nairobi, mwendo ambao mtu mwenye miguu yake miwili na akili timamu huumaliza kwa nusu saa. Mimi ulinilia Jumamosi nzima, nikarudi na kichwa kile kile nilichoondoka nacho.

Kilichonitoa nyumbani ni mvi. Zilianza kunitoka mapema, kama zilivyomtoka mama yangu, nami sikuzijali. Kiwandani ninakofanya kazi tunafunga vitambaa vichwani, nani atakuona? Lakini kabla ya shule kufunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula, nilimpeleka kitindamimba wangu Nekesa shuleni kama kila asubuhi, nimemshika mkono, na askari mpya wa langoni akanitazama kichwani akasema, "Shosho, mwambie mama ya huyu mtoto apitie ofisini, kuna karatasi ya kusaini."

Shosho! Mimi! Watoto wangu ni wawili tu, Wafula aliye chuoni na huyu Nekesa wa gredi ya nne, na hakuna hata mmoja aliyeniletea mjukuu. Nilimjibu yule askari jibu ambalo sitaliandika hapa. Hata hivyo, si yeye aliyeniuma zaidi. Kesho yake tulipofika kwenye kona ya mafundi wa kuchomelea milango, mbali kidogo na shule, Nekesa aliuachilia mkono wangu akasema, "Mama, unaweza kurudi." Keshokutwa vivyo hivyo. Siku iliyofuata hakungoja hata tufike konani. Sikumuuliza kwa nini. Kulikuwa na la kuuliza? Mtoto ameona haya kuonekana na shosho. Nilishinda kazini siku zile nikisaga meno.

Basi nikaamua. Jumatatu shule zikifunguliwa nitamfikisha mwanangu hadi langoni, mkono kwa mkono, na kichwani sina unywele mweupe hata mmoja. Nilinunua pakiti ya rangi, si ile nyeusi tititi ya wazee wa kanisa, bali maruni iliyokoza, nikampelekea Rehema, msusi wangu wa siku nyingi aliyehamishia saluni yake Umoja. Tukapatana Jumamosi saa nne asubuhi. Jumamosi mimi huipata moja, inayofuata niko zamu. Baba Wafula ni dereva wa lori na alikuwa upande wa Malaba, kwa hiyo msaidizi sina. Siku yangu ilikuwa hiyo moja.

Saa tatu, nyumbani. Nimevaa, Nekesa nimemwacha kwa jirani yangu Mama Halima, ufunguo uko mkononi. Nikasikia bomba linakohoa. Maji! Wiki nzima bomba limekauka, tunanunua maji ya mkokoteni, na sasa, nikiwa mlangoni, ndipo yalipoona vyema kuja. Hakuna mama wa Mowlem anayeyapa mgongo maji ya bomba. Nikavua viatu, nikapandisha sketi, nikaanza kujaza mitungi, ndoo, sufuria, hata beseni la kufulia. Yalikuwa yanatoka membamba kama uzi wa cherehani. Nilisimama pale nikiyatukana na kuyabembeleza.

Simu ikalia. Rehema.

"Mama Wafula, sasa? Umefika wapi?"

"Niko njiani," nikasema, nimechutama bafuni na mpira wa maji mkononi. "Natokea hapo."

Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu, nieleze kidogo. Huku mtu akikuambia yuko njiani, jua bado anatafuta soksi. Akisema amefika kwenye kona, jua ndiyo anafunga mlango. Hatuhesabu kuwa ni uongo. Anayeuliza anajua kupunguza, na anayejibu anajua kwamba atapunguziwa, na maisha yanasonga. Rehema mwenyewe mara ngapi ameniambia kiti kiko wazi, nafika nawakuta wanne mbele yangu?

Saa nne ilipita nikifunika mtungi wa mwisho. Nikavaa viatu tena, nikatoka mbio, sketi imelowa upande mmoja.

Hatua chache nje ya geti la ploti, simu ikalia tena. Safari hii ni Nekesa, kwa simu ya Mama Halima.

"Mama, ile kazi ya shule."

"Kazi gani?"

"Chati ya wanyama wa kufugwa. Mwalimu alisema picha zichapishwe, za rangi. Hataki za kuchora."

"Alisema lini?"

"Tukifunga."

"Nekesa! Na wewe unaniambia leo?"

"Si ulikuwa na hasira kila siku," akasema.

Walimu wa siku hizi, Mungu awasamehe, kazi wanawapa watoto lakini wanaofanya ni sisi. Muhula uliopita nilitafuta manyoya ya kuku mtaa mzima. Nikajiambia, saiba, lile duka la kompyuta, iko hapa hapa kwenye njia yangu, kuchapisha picha nne ni dakika tano. Loo! Nilikuta foleni ya wazazi, na kila mmoja anataka ng'ombe. Nyuma yangu baba mmoja mwenye sare ya ulinzi alikuwa anauliza kama ngamia ni wa kufugwa. Tulimjibu sote kwa pamoja kuwa ndiyo, maana huku kuna majirani waliokulia kwenye maziwa yake.

Zamu yangu ikafika. Mbuzi akatoka vizuri, kuku akatoka vizuri, kondoo akatoka. Ng'ombe alipofika shingoni, stima ikapotea na mashine ikazima.

"Itarudi saa hii," dada wa saiba akasema, akajipepea na karatasi.

Ningeondoka na ng'ombe asiye na mwili? Nikangoja. Na ndipo Rehema akapiga mara ya pili, na sauti yake haikuwa ya mchezo.

"Mama Wafula, niambie ukweli. Saa sita nina bibi harusi na wasichana wake, watajaza saluni hadi jioni. Uko wapi?"

Hapa ndipo ningesema, Rehema, dada yangu, niko Mowlem, nimeshikwa na ng'ombe. Badala yake, mdomo wangu huu niliopewa na Mungu ukasema, "Rehema, niko kwa kona! Naona hata bango lako."

"Unaona bango?"

"Nalisoma."

"Haya, sawa," akasema, akakata.

Stima ilirudi, sijui baada ya muda gani, maana niliacha kutazama saa ili nisilie. Nikachukua ng'ombe wangu mzima, nikalipa, nikaanza kutembea kwa kukimbia. Boda sikupata. Barabara ya kwenda Umoja walikuwa wameichimbua katikati kuweka bomba la majitaka, na waendesha pikipiki walikuwa wameketi upande wa pili wakitucheka tulivyokuwa tukiruka mtaro. Nikaruka na picha zangu kifuani. Wauza mitumba walikuwa wamejitandaza hadi ukingoni, mwingine ananishika mkono kabisa, "Mathe, kuja uone dera." Mwachilie mathe! Mathe ana miadi! Jasho lilikuwa linanitoka chini ya kitambaa, na kila nikikumbuka lile bango nililosema nalisoma, naongeza mwendo.

Umoja, saluni kwa Rehema. Nilisukuma mlango nikihema, kitambaa cha kichwani nimeshakivua. Na kwenye kiti, mbele ya kioo, alikuwa ameketi yule bibi anayeuza sukuma wiki pale nje, Shosho Wambui, taulo shingoni, kichwa chote kimepakwa dawa, na dawa hiyo imeanza kugeuka maruni.

Nilitazama ile rangi. Nikatazama ile pakiti tupu kwenye meza. Pakiti yangu.

"Rehema," nikasema.

"Usiniite Rehema," akasema yeye, glavu bado mkononi. "Uliniambia uko kwa kona. Unasoma bango! Mimi nikachanganya. Dawa ikishachanganywa haingoji mtu, Mama Wafula, ikikaa inaharibika. Nimetoka nje kukuangalia mara mbili. Nikaona badala ya kuimwaga, heri nimpake huyu shosho. Mimi ningefanya aje?"

"Lakini wewe siku zote si unajua kwamba..."

"Kwamba nini? Kwamba unanidanganya?"

Hilo ndilo nililotaka kusema. Miaka yote hii amenipunguzia kila neno, na siku ile moja, kwa kuwa nilitia bango, akaniamini.

Shosho Wambui alikuwa anajigeuza kiti kizima anione. "Ni wewe umeninunulia? Rehema ameniambia ni zawadi ya mteja. Haki Mungu akuongeze, mami. Tangu mzee wangu afariki sijashikwa kichwa na mtu."

Mniambie, wasomaji, mngefanya nini? Nilikuja na hasira za kubomoa ukuta, na mama wa watu ananibariki kwa rangi yangu. Nikasema amina. Nilisema kwa meno, lakini nilisema.

"Kesho kanisani hawatanijua," akaendelea, anajitazama kioo cha mbele na cha nyuma. "Na wewe unafanya nini leo?"

"Mimi nilikuwa napita tu."

"Afadhali. Wewe usipake. Mvi zako ni nzuri."

Nilitamani kulia, na karibu nilie. Rehema aliniona, akapunguza sauti. "Kuja Jumamosi ijayo."

"Niko zamu."

"Basi ile ingine. Mbona unaharakisha? Kuna sherehe?"

"Jumatatu shule zinafunguliwa," nikasema, na yeye akanitazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. Sikuimaliza. Wasichana wa bibi harusi walikuwa wameanza kuingia na mifuko ya nywele, wanacheka, wanatafuta mahali pa kuchaji simu, nikajikuta nimesukumwa mpaka mlangoni.

Njia ya kurudi. Shosho Wambui alikuwa amenilazimisha nichukue sukuma wiki, mashada mawili makubwa, kwa hiyo nilirudi nimebeba majani mkono mmoja na mifugo mkono mwingine. Jua lilikuwa la utosi. Niliyakasirikia maji, nikaikasirikia saiba, mwalimu, stima, na askari wa langoni nikamkasirikia mara mbili. Nilipomaliza wote nikabaki na mimi, na mimi nilijikasirikia mpaka nikafika Mowlem.

Jioni, jikoni. Nekesa alikuwa anabandika wanyama kwenye chati yake mezani, mimi nakata sukuma, na kwa kuwa siku ilikuwa imeharibika tayari nikaona niseme tu.

"Nekesa, Jumatatu mama yako atakuja na mvi zake. Rangi imeshindikana. Najua unaona haya, lakini utanivumilia wiki mbili."

Akainua kichwa. "Haya ya nini?"

"Si yule askari aliniita shosho, na wewe umesimama pale?"

"Lini?"

"Nekesa, usinifanye mjinga. Tangu siku ile unaniacha kwa kona. Hutaki kunishika mkono."

Akacheka. Alicheka hivi, kwa pua, kama ninavyocheka mimi. "Ai, mama! Mimi niko gredi ya nne. Wanaoletwa hadi getini wameshikwa mkono ni watoto wa chekechea. Hata Fatuma wa darasa letu huachwa kwa kona. Kwani ulitaka nishikwe mpaka lini?"

"Kwa hiyo si nywele?"

"Nywele gani?" akauliza, na akaniomba gundi.

Nilimpa gundi. Nikaendelea kukata sukuma, nikikata vipande vyembamba kuliko kawaida. Ningefurahi, sivyo? Mtoto haoni haya na mimi. Hata hazioni hizo mvi. Nilichosumbukia wiki nzima hakikuwapo. Lakini sikufurahi. Mvi zina pakiti yake dukani, na huyu wa kuniambia anatosha kwenda peke yake nitampaka nini?

Jumatatu asubuhi tulitoka pamoja, ameikunja chati chini ya kwapa. Tulipokaribia wale mafundi wa milango niliuachilia mkono wake mimi kwanza, kabla hajauvuta. Akaniangalia, kidogo ashangae, akasema, "Bai, mama," akaongeza mwendo kuwafikia wenzake. Nilibaki kando ya cheche za mafundi hadi alipopotea ndani ya geti.

Kwa hiyo nilichojifunza kwenye safari hii ni hiki, na hakinifurahishi: mvi zingenisubiri. Zingekuwepo Jumamosi ile nyingine, na ile inayofuata, hata mwakani. Mtoto ndiye hakusubiri. Na kwa hilo, jamani, sina hata mtu wa kumkasirikia.