Nilivyokwenda Kilwa Kuuangalia Mkono wa Oliva

Niliondoka Mofu kwa sababu ya simu ya mjukuu wangu Oliva. Ameolewa Kilwa Masoko, na mwaka wa pili huu anavua baharini kwenye boti ya watu, mwanamke peke yake. Alisema, "Bibi, samaki wanauma chambo changu kuliko cha wenzangu, halafu wananiponyoka. Nahodha kasema nikipoteza mwingine, narudi nchi kavu kupaa samaki magamba."

Kuvua nilimfundisha mimi, hapa hapa mto Kilombero, akiwa mdogo hata kamba ya viatu hajui kufunga. Kama havui vizuri, wa kuulizwa ni mimi. Nikafungasha mchele, nikaaga.

Alfajiri nilipanda bodaboda mpaka Ifakara. Kijana aliendesha kama anayefukuzwa. Nikamwambia, "Punguza, mimi si gunia." Akapunguza. Ifakara nikapata basi la Dar es Salaam. Tulipofika Mikumi abiria wote wakasimama kutazama twiga, mimi nikakaa, twiga nimeshawaona. Jirani yangu akaniuliza, "Bibi unakwenda wapi?" Nikamjibu, Kilwa, kuvua. Akacheka. Alipoona sicheki, akageukia dirisha mpaka Morogoro.

Nililala kwa ndugu Mbagala, kesho yake nikashika basi la kusini.

Kilwa Masoko nilifika jua likiwa bado juu. Oliva alinipokea mzigo kwa mkono mmoja, mabega yamepanuka. Kabla sijanywa maji akanionyesha vyambo vyake. Havina nyama hata kidogo. Kichwa ni risasi aliyoiyeyusha mwenyewe, mkia ni vipande vya plastiki vya zambarau na vyeusi, ndani zimejificha ndoana mbili. Mbele yake kuna waya, kwa sababu samaki anayemtafuta anakata mshipi kama wembe. Wanamwita wahoo, ndugu yake nguru, mwembamba, ana mistari ubavuni. "Huyu hataki chambo kinachozubaa, Bibi," akasema. "Boti lazima iende mbio. Chambo kikipita polepole anakidharau."

Nilivipindua vyote, nikavuta kila fundo kwa meno. Halikulegea hata moja. Moyoni nilisema, huyu ni wa kwangu.

Asubuhi tukaenda botini. Nahodha Shomari, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe kidogo, alikuwa ameshika usukani. Bakari, mvuvi mwenzake Oliva, alikuwa anapanga mishipi; ule wa katikati, anaopewa mvuvi hodari, ulikuwa wake.

"Shikamoo bibi. Umekuja kumtetea mjukuu?"

"Marahaba. Nimekuja kuangalia."

"Bahari si mto, bibi," Bakari akasema. "Ukitapika, tapikia upande ule."

"Nikitapika nitakutafuta wewe."

Nahodha akacheka, nikapewa pa kukaa. Mchele niliomletea alikuwa ameshaupokea.

Saa mbili hivi tulikuwa mbali, maji yamegeuka bluu nzito. Wakaachia vyambo nyuma ya boti, mbali kidogo kupita povu la injini, na mashine ikaongezwa. Kuvuta chambo hivyo wanaita kurambaza. Oliva alishika mshipi kwa mkono, vidole amevivisha mpira wa tairi la baiskeli. Sikutapika.

Mshipi wake ukakaza. Palepale akaukwapua kwa nguvu zote, kiwiko kikaruka juu ya bega. Mshipi ukalegea. Samaki hayupo.

"Umeona, bibi?" nahodha akasema. "Nimemwambia mpaka nimechoka. Boti inakimbia, ndoana imeshaingia yenyewe. Akimkwapua anampasua mdomo, kisha mkono ukirudi mshipi unalegea na samaki anaitema. Kwangu basi. Tukigeuza kurudi pwani, anashuka."

Oliva alitazama chini. "Najua, nahodha. Mkono unatangulia."

Niliujua ule mkono. Kwetu mtoni kuna samaki mwenye meno yaliyotokeza nje, mdomo wake mfupa mtupu. Usipomkwapua, ndoana haiingii. Oliva alipokuwa mtoto, kila alipochelewa kukwapua nilimpiga kofi kwenye kiwiko. Nilimpiga mpaka mkono ukashika. Sasa ulikuwa unamfukuzisha kazi, na ulikuwa ni mkono wangu.

"Nahodha," nikasema, "kosa hili ni langu, nilimfundisha hivyo. Nipe muda mpaka ugeuze."

"Mpaka nigeuze," akasema.

Nikavua khanga ya juu. Nikamfunga Oliva mkono wa kulia, kuanzia begani mpaka kiwikoni, ukabana mbavuni. Viganja nikaviacha huru.

"Bibi, unanifunga kama kuku."

"Kuku hajui kuvua. Kaa hivyo."

Bakari alicheka mpaka akashika tumbo. Sikumjali. Nilikaa nyuma ya Oliva, nikaweka kiganja changu juu ya kile kiwiko.

Jua lilikuwa karibu utosini mshipi ulipokaza tena. Nikasikia mkono wake ukiruka ndani ya khanga, mara moja, mara mbili, haukupata pa kwenda. Boti ikaendelea kukimbia. Mshipi ukabaki umekaza.

"Sasa vuta taratibu," nahodha akasema, "usimpe nafasi."

Akavuta kwa viganja, pima kwa pima. Mara samaki akageuka akakimbilia boti. Oliva akakusanya mshipi upesi kuliko nilivyowahi kumwona mtu akikusanya. Bakari hakuwa anacheka tena, alikuwa ameshika kulabu. Walipompandisha, alikuwa mrefu kunizidi mimi.

Nahodha hakumsifu. Alimwambia Bakari tu, "Kesho mshipi wa katikati ni wa Oliva. Wewe hamia pembeni."

Nilikaa siku nne, nikarudi Mofu kwa njia ileile. Majuzi Oliva amenipigia. Amepata wengine wawili, mkono ukiwa haujafungwa. Nikamwuliza, mkono uliruka? Akasema, "Ulitaka kuruka, Bibi. Nikaukatalia."

Zamani nilijivuna kwamba Oliva anavua kama mimi. Sasa nasema mbele ya yeyote: havui kama mimi, na ule mkwapuo niliomfundisha aliuacha mimi nikiwa hapo, nikimsaidia.