Hao Si Kwelea Kwelea

Watu wa Mpui wakitaka kumcheka Hilaria huanza na darubini yake. Aliinunua sokoni Majengo, kwenye rundo la mitumba la mchuuzi Ridhiwani, katikati ya mikanda na saa zilizokufa, na jicho moja la darubini hiyo lilikuwa limeshaingia ukungu. Kwa hiyo Hilaria hufumba jicho la kushoto na kuchungulia kwa la kulia, amesimama wima kwenye baridi ya asubuhi, kavaa sweta la marehemu mumewe na mabuti ya mpira, anatazama ndege ambao sisi wengine tunawaita vile vidogo vya kahawia, basi.

Mimi ni jirani yake, na ninasema mapema nisije nikaulizwa: niko upande wake.

Hilaria si mzaliwa wa huku juu. Alizaliwa chini, Bonde la Rukwa, ukishauteremka mlima wa Lyamba lya Mfipa, huko ambako joto linakuvua sweta upende usipende. Utoto wake wote aliamia mtama juu ya dungu, kombeo mkononi, akiwangoja kwelea kwelea. Wakija hao, anasema, unaona kama moshi, huoni ndege, na jioni shamba limebaki mabua. Kisha akaolewa na Abel, akapanda huku kwenye ulezi na maharage. Mpaka leo wanamwita mtu wa bondeni, ingawa amemzaa Dominika wake hapa, amezika mume hapa, na matuta yake ya duara ya Kifipa yananishinda mimi niliyezaliwa hapahapa.

Abel alimwachia shamba na ukanda wa nyasi kando ya kijito. Ukanda huo ndio uhai wake. Nyasi za kuezekea jiko zinatoka hapo, na maji ya bustani hayakauki hata kiangazi kwa sababu zile nyasi zinayashika. Hapo pia ndipo anapotazama ndege wake, na siku nyingine hunilazimisha nami nitazame.

"Sura itakudanganya, mama Jane," huniambia. "Ukifuata sura, wote ni ndugu. Angalia mdomo, halafu angalia kazi."

Mwenye mdomo mwembamba ni mla wadudu. Huyo hupanda juu akilia kama mtu anayegonga kijiti, halafu hudondoka kwenye nyasi kama amekatwa kamba. Mwenye mdomo mnene ni mpasua mbegu. Lakini kuna jambo lililonishangaza zaidi. Yule dume mweusi, mwenye mkia mrefu na uzi mwekundu shingoni, anayerukaruka juu ya nyasi wakati wa masika ili majike wamwone, mvua zikiisha hupukutisha mkia, weusi wote ukamtoka, akawa wa kahawia kama wake zake.

"Harusi imekwisha," Hilaria husema. "Karudisha suti ya watu."

Hapo ndipo kijiji kizima tunapokosea. Tukivuna ulezi tunaona weusi wamepotea na kundi la kahawia limejaa, tunasema weusi wamehama, wamekuja wageni. Hakuna aliyehama. Usilolijua ni usiku wa giza.

Teodori, mdogo wake marehemu Abel, ndiye aliyewapa wageni hao jina la kwelea kwelea. Kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba popote wanapolala kwelea kwelea pachomwe moto. Teodori akasimama mkutanoni, akasema wamelala kwa shemeji yake. Hakusema kwamba maksai wake na jembe lao wanaukodolea macho ukanda ule tangu matanga ya kaka yake. Nyasi zikishaungua panaitwa pori lisilo na kazi, na pori lisilo na kazi huwa halikosi mwenyewe. Wote tulijua, na hakuna aliyesimama kupinga. Jambo hilo lilinikera, na bado linanikera.

Wakaja asubuhi iliyofuata, mwenyekiti wa kijiji Polikarp mbele, Teodori na kiberiti chake, na watu wa kutosha kujaza kanisa. Hilaria alikuwa amesimama mbele ya nyasi zake, darubini shingoni.

"Shemeji, ondoka hapo," Teodori akasema. "Kijiji kimeamua."

"Kijiji kimeamua kwelea kwelea. Wako wapi?"

Teodori akamwaga kiroba chini. Ndege kumi na kitu, wamekufa, wote kahawia. "Hawa hapa. Nimewatega hapahapa kwenye nyasi zako."

Hilaria akachuchumaa. Akawageuza mmoja mmoja taratibu, kama mtu anayechambua maharage, kisha akasimama na mmoja kiganjani.

"Mwenyekiti, kwelea kwelea wakati huu mdomo wake mwekundu kama pilipili. Mimi nimewafukuza tangu sijaota meno ya mbele. Nionyeshe mdomo mwekundu hapo chini hata mmoja."

Polikarp akainama, akatafuta. Hakukuwa na mwekundu.

"Na huyu je?" Hilaria akamgeuza yule wa kiganjani. Kifua kilikuwa cha kahawia nusu na nusu bado kimebaki cheusi. Shingoni palikuwa na kiraka chekundu kidogo kama kucha, na kwenye mkia uliobaki kisiki lilining'inia nyoya moja refu, jeusi. "Huyu mmemwona masika yote akicheza hapa. Mmemkuta anabadili nguo, mnamwita mgeni."

Watu wakasogea. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Kumbe ni yuleyule!" Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele, nikakatizwa.

"Sawa," Polikarp akasema. "Si kwelea. Lakini mama Dominika, nikuulize. Hawa wanakula ulezi, au hawali?"

Nikamtazama Hilaria. Alikuwa na nafasi ya kusema hawali. Nani angembishia? Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwa hakika, na mimi nilimkonyeza aseme hivyo. Hilaria aliniona. Akanigeuzia kisogo.

"Wanakula," akasema.

Minong'ono ikapanda. Teodori akatoa njiti kwenye kiberiti, uso unamng'aa.

"Wanakula," Hilaria akarudia, sauti imepanda. "Wanakula wangu na wenu. Na ng'ombe wa shemeji walikula ulezi wangu mwaka jana, mkauona. Hakuna aliyekuja hapa na kiberiti akasema zizi lichomwe!"

Kicheko kilichotoka hapo sidhani kama Teodori amekisahau. Polikarp alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akajipangusa macho, akasema uamuzi wa kijiji ni wa kwelea kwelea, kwelea kwelea hawapo, twendeni tukavune. Watu wakatawanyika. Mimi nilibaki, nikijionea aibu kwa ule ukonyezaji wangu.

Teodori naye alibaki, njiti bado mkononi. "Mwakani nitarudi," akasema.

"Karibu," Hilaria akajibu. Alikuwa ameshafumba jicho la kushoto, darubini imeelekea kwenye nyasi. "Ila njoo mwezi wa tatu, wakiwa wamevaa, usije ukasema tena hukuwajua. Na ukija kwangu, shemeji, piga hodi."