Ukurasa wa Zamu Ulipogeuka Mweupe

Kwa heshima na taadhima, gazeti la bweni la wavulana linawatangazia wasomaji wake wote, walimu wakiwemo, kwamba shujaa wa zama hizi amepatikana. Saa moja asubuhi shujaa huyo amesimama mlangoni mwa kinu cha zeituni, soksi za rangi mbili miguuni, anaipigapiga simu yake kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji.

"Nyeupe," anasema Lamjed Buzayen. "Nyeupe tupu! Jana jioni jedwali nililiacha hapa hapa."

Lamjed, mwenye miaka thelathini na minane, ni mpima mizani wa kinu hiki kilicho nje kidogo ya mji wa Sfax. Kila familia hutaka mafuta ya zeituni zake tu, yasichanganywe na ya jirani, kwa hiyo kila mtu husubiri zamu. Zamani walisubiri uani, kwa ngumi. Msimu huu Lamjed alitengeneza tovuti ya bure, akaweka humo jedwali la zamu, na watu wakaanza kusubiri makwao.

"Kinu kinanilipa dinari thelathini na tano kwa siku. Tovuti hainilipi kitu," anasema. "Lakini msimu huu hakuna aliyenikaba shati."

Asubuhi hii ameshakabwa mara mbili.

Ukurasa ulipokuwa mtupu, kila mkulima alihofu zamu yake inampita, na wote wamekuja pamoja. Malori yamejaa uani hadi barabarani. Nyuma kabisa, yamebanwa ukutani magunia ya mjane mmoja, Bi Mannubia. Zeituni zake zina siku tatu tangu zichumwe. Zikizidi kukaa zitachacha, na mafuta ndiyo riziki yake ya mwaka mzima.

Anatumbukiza mkono ndani ya gunia, anauchomoa haraka, macho yamemtoka.

"Lamjed mwanangu, zimepata moto! Zamu yangu si leo?"

"Ni leo, shangazi. Wewe ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza ni mimi!" anadakia Beshir, mwenye lori jekundu.

"Wewe kila mwaka wa kwanza," Bi Mannubia anamjibu. "Hata tumboni ulimsukuma pacha wako!"

Haji Mongi, mwenye kinu, anatoka ofisini na kupigwa na butwaa. Haoni ua wake, anaona malori tu.

"Ukurasa huo usiporudi sasa hivi, Lamjed, nenda nao nyumbani!"

Lamjed anakaa juu ya ndoo. Anapakia ukurasa upya. Mweupe. Anaazima simu ya Beshir. Mweupe. Kumbe si simu yake. Anafungua ukurasa wa bei kwenye tovuti ile ile, nao unaonekana vizuri. Kumbe tovuti nayo ni nzima. Mwisho anafungua faili lake mwenyewe anamoliandikia jedwali, na majina yote yamo.

"Hili hapa! Bi Mannubia, wa kwanza!"

"Hilo unaliona peke yako," anasema Beshir. "Nitajuaje hukuliandika sasa hivi? Tulikubaliana kila mtu aone kwenye simu yake."

Uani wanaguna kumuunga mkono. Lamjed anajifuta jasho.

"Jedwali lipo, tovuti ipo," ananong'ona. "Kuna kitu hapo katikati."

Mwandishi wenu, aliyekuwa kando na kalamu yake na kipande cha mkate alichopewa na Bi Mannubia, anaona ni wajibu wa taaluma kusaidia.

"Mjomba, ile ruhusa ya watu wote kulitazama jedwali imezimwa. Iwashe tu."

Lamjed anaingia kwenye mipangilio, anaiwasha. Simu za uani zinajaa majina. Beshir anajisoma wa tisa, anarudisha lori nyuma kimya kimya. Magunia ya Bi Mannubia yanapita juu juu mabegani mwa watu hadi kinuni.

"Mwakani," anasema Lamjed akihema, "nataka vinu vyote vya hapa viwe kwenye ukurasa mmoja, mtu achague penye nafasi..."

Anamgeukia mwandishi wenu.

"Ghassen. Ulijuaje imezimwa? Mipangilio nilikuwa sijaifungua."

"Nilikisia, mjomba."

"Na neno la siri nilimpa nani, eti anipangie rangi za ukurasa?"

Basi, wasomaji watukufu, ni mimi. Mwalimu wetu alisema simulizi ya maisha isiyo na shida haichapishwi, na maisha ya mjomba wangu yalikuwa yananyooka kupita kiasi. Nikamtafutia shida. Nilizima jana jioni nikiwa bwenini, nikipanga kuwasha baada ya kupiga picha mbili tatu. Magunia sikuyafikiria hata kidogo.

"Usiniambie mimi," anasema mjomba. "Nenda kwake."

Ninakwenda. Nimesimama mbele ya Bi Mannubia, Haji, na malori yote.

"Shangazi, aliyezima ukurasa ni mimi."

Ananitazama kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Wewe? Na mkate wangu asubuhi hii umekula!"

Hilo nalo ni kweli. Nimekula.