Mkanda Kwenye Mguu wa Mgambo

Philomena Margwe hutibu mifugo Basotu, katika chumba kimoja kilichojengwa kando ya josho, na siku zake nyingi ni za ng'ombe: ndama wanaoharisha, majike yaliyokwama kuzaa, chanjo. Alizaliwa Mbulu katika nyumba ya wakulima. Alipomaliza diploma ya afya ya mifugo na kupangiwa kazi huku tambarare, mama yake alimuuliza swali moja tu: "Huko kwenye vumbi utakula nini?"

Mbwa hawakuwemo katika mipango yake. Lakini watafiti waliopita kuchunguza homa ya kupe kwa mbwa walimwachia mashine ndogo, inayofanana na ile ya kupimia kisukari, na vijiti vyake vichache. Tone moja la damu linatosha. Mashine huonyesha kiasi cha asidi inayojaa katika damu pale mwili unapokosa hewa safi. Mbwa mzima huwa chini ya mbili na nusu. Mbwa mahututi akipanda mbali juu ya hapo, mara nyingi haponi.

Ndiyo maana asubuhi ile, mashine ilipoandika kumi na moja, aliona mbwa huyu amekwisha.

Mbwa aliitwa Mgambo. Aliletwa na mwenyewe, mzee Gidabuday, juu ya pikipiki ya mwanawe, Nikolausi, akiwa ameviringishwa kwenye gunia hadi shingoni, mguu mmoja tu wa mbele ukichungulia nje. Hata katika haraka ile salamu haikurukwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Huyu hajala tangu juzi. Fisi wamelijua zizi langu. Bila huyu ndama wataisha."

Mshipa wa mguu ule ulikuwa umesimama vizuri mno, na Philomena alishukuru, maana mbwa aliyeishiwa damu huficha mishipa. Alichoma mara moja, akapata tone lake, akasoma namba. Kisha akarudia kuisoma, kana kwamba ingeona huruma.

"Mashine imesema nini?" aliuliza mzee.

"Mzee, imesema vibaya sana."

"Niambie kama mtu mzima. Anakufa?"

"Naona hatuna safari ndefu naye."

Gidabuday alimshika mbwa kichwa. "Basi usimtese. Mpe ile sindano ya kulala."

"Afadhali ungeniambia kabla sijamaliza mafuta," Nikolausi alisema, lakini hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akavua kofia.

Philomena alivuta dawa kwenye bomba la sindano. Alikuwa amewahi kulaza mbwa wenye kichaa, mbwa wasio na mwenyewe. Hakuwa amewahi kulaza mbwa ambaye mwenyewe amemshika kichwa. Akaomba gunia litolewe ili aone pumzi inavyokwenda. Gunia lilipofunguka, aliona mkanda wa ngozi umekazwa juu kabisa ya ule mguu, karibu na kwapa. Kiganja cha mguu kilikuwa kimevimba na ni baridi. Alishika kile cha pili. Kilikuwa na joto.

"Mzee, huu mkanda umefungwa saa ngapi?"

"Nyumbani, kabla ya kupanda pikipiki. Ng'ombe ukitaka kumtoa damu si unamfunga shingo kwanza, mshipa usimame? Nikasema nikusaidie. Damu ikusubiri."

Philomena aliweka sindano mezani, mbali na mkono wake. Damu iliyozuiliwa mahali pamoja njia nzima huishiwa hewa, na asidi hujaa humo humo. Alikuwa amepima mguu uliofungwa. Mbwa mwenyewe hakuwa amempima bado. Mkanda ule alipaswa kuutafuta kabla ya kuchoma, na mguu baridi alikuwa ameushika kwa vidole vyake mwenyewe.

"Usiufungue kwanza!" alisema, mzee alipoupelekea mkono, kwa sauti kali kuliko anavyopaswa kumsemesha mzee. "Samahani. Ukiufungua, damu hii mbaya itaenea mwilini na kuharibu namba. Nichukue shingoni kwanza."

Damu ya shingoni iliandika sita. Ndipo akaulegeza mkanda, polepole.

"Kumi na moja, sasa sita," alisema Gidabuday. "Ikishuka hivi, mpaka jioni tutakuwa harusini. Namba ipi ni ya kweli?"

"Hii ya pili. Nayo ni mbaya, mzee. Lakini kwa sita simuui mtu wako. Nimtundikie maji, nimchome dawa ya vijidudu vya kupe, halafu nipime tena. Namba ikishuka, kuna njia. Ikibaki palepale au ikipanda, nitakuambia mwenyewe."

"Na ukikosea tena?"

Philomena alinyoa manyoya ya mguu wa pili, ule usiofungwa, akaingiza sindano ya maji, akamchoma na dawa, na wote watatu wakaketi kutazama matone. Mgambo alihema kama mvukuto. Mara mbili alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba Nikolausi alisimama, na mara zote mbili mbavu zikainuka tena.

Jua lilipopita utosini alipima. Nne kasoro kidogo.

"Imeshuka?"

"Imeshuka."

"Basi amepona!"

"Hapana, mzee. Imeshuka tu. Anaweza kufa leo hii. Ila ile sindano nyingine naimwaga."

Gidabuday alikaa chini sakafuni, akalitandika shuka lake karibu na mbwa. "Nikolausi, nenda kawaambie nyumbani ndama walale ndani leo, na watu. Mimi sirudi."

"Mama atauliza nimekuacha wapi."

"Mwambie nimelazwa."

Safari hii walicheka, kidogo. Philomena alitundika chupa ya pili, akainua mdomo wa Mgambo kutazama fizi. Zilikuwa bado nyeupe, damu haijarudi.